Nani Atawapima Mafundi wa Bao?

Siku hizi umeingia ubishi mpya katika nyumba zetu, na wazee wengi hawajaujua kwa sababu unafanyika ndani ya simu za vijana. Zamani watu walipobishana ni nani hodari zaidi kati ya mabingwa wawili ambao hawakupata kukutana, ubishi uliishia kwenye kahawa au kwenye adhana, na kila mtu akarudi kwake na imani yake ile ile. Sasa kijana anaitoa simu mfukoni, anaitia mchezo uliochezwa kabla babu yake hajazaliwa, na kabla hujameza mate simu inamjibu: hapa bingwa alikosea, hapa alipatia, na kwa jumla alipatia mara 95 katika 100. Kisha anaiweka simu chini kama kadhi aliyekwisha kukata hukumu.

Nasema juu ya sataranji, ambayo vijana wanaiita chesi. Najua kuna wasomaji watakaouliza kwanza hukumu yake katika sheria. Maulamaa walikhitilafiana, na sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tunaijua kauli ya makuruhu, maadamu hapana kamari wala kuipitisha sala. Tuliache hilo kwa wenyewe. Leo nataka kuzungumza juu ya hukumu nyingine, ile ya mashine juu ya wanadamu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, wa Kibokoni, lakini riziki ilinileta Nairobi na sasa nakaa Loresho, mtaa wa miti mingi na baridi nyingi, jirani na Kangemi lakini mbali na kelele zake. Baraza za kwetu huku hazipo. Nyumba zimekaa nyuma ya mageti, na jirani unamjua kwa gari lake. Hata hivyo kila Jumamosi baada ya alasiri sisi watu wanne watano wa pwani hukutana nyuma ya nyumba yangu, tukaweka bao la mti lililotoka Lamu, tukaweka na kahawa, tukajifanya tuko kwetu. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu hukaa pembeni, simu mkononi, akicheza sataranji na watu wa nchi ambazo hajapata kuziona. Ndiye aliyeniletea habari za Slovenia.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Ljubljana, Matej Guid na Ivan Bratko, waliichukua michezo ya kugombea ubingwa wa dunia ya mabingwa 14, kuanzia Wilhelm Steinitz, aliyeutwaa ubingwa mwaka 1886, hadi Vladimir Kramnik wa zama zetu. Wakaipa programu ya kompyuta iitwayo Crafty iitazame hatua moja moja. Hatua za mwanzo waliziacha, kwa kuwa hizo mchezaji huzisoma vitabuni na kuzihifadhi. Walianzia hatua ya 12. Kila mahali programu ilitafuta hatua iliyoiona bora, kisha ikaipima ile aliyocheza bingwa: je, amepoteza kiasi gani? Kipimo ni thamani ya askari mmoja, yule mdogo wa mbele. Ukijumlisha hasara zote na kuzigawa kwa hatua zote, unapata wastani wa kosa la mtu huyo.

Aliyetoka wa kwanza ni José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927, ambaye kosa lake la wastani lilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya askari. Kramnik akamfuata. Wa mwisho akawa Steinitz, baba yao wote. Watu wakapiga kelele. Wengine walisema Crafty yenyewe ni mchezaji dhaifu kuliko hao inaowasahihisha, itakuwaje mwanafunzi amsahihishe mwalimu? Wenyewe wakarudia kazi baadaye kwa programu zenye nguvu zaidi, na Capablanca akabaki karibu na kilele.

Kwanza niitendee haki mashine, kwani wazee wenzangu huwa hawaitendei. Mashine haina mpenzi. Haimjui mtu kwa kabila wala kwa ukoo, haikupewa zawadi, haikumwona akitabasamu. Sisi wanadamu hatuko hivyo, na ushahidi wake ni wa zamani mno. Katika karne ya kumi, huko Baghdad, Khalifa al-Muktafi alikuwa na mchezaji wake wa sataranji aliyempenda, al-Mawardi. Akaletwa mgeni, Abu Bakr as-Suli, wacheze mbele yake. Khalifa akawa anamshangilia mtu wake waziwazi hata mgeni akababaika mwanzoni. Lakini mchezo ulipoendelea as-Suli akamshinda yule mpenzi wa khalifa bila ya shaka yoyote. Jina la al-Mawardi linatokana na marashi ya waridi, na khalifa alipoona alivyoshindwa alimtupia neno kwamba marashi yake yamegeuka mkojo. Kisa hiki kimesimuliwa na al-Masudi, yule yule msafiri aliyefika pwani yetu mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, akaitaja Qanbalu na nchi ya Zanj. Msomaji atanisamehe kwa lugha ya khalifa, lakini kisa kimenifaa. Mpaka bao lilipomalizika, al-Mawardi alikuwa bingwa kwa sababu mwenye nguvu alimpenda. Kompyuta isingempendelea hata kwa hatua moja.

Basi ubora wake ni huo. Sasa nitasema upungufu wake, nao si mdogo.

Kwanza, inapima makosa. Haipimi mtu alimfanyia nini mwenzake. Huyu Capablanca aliyewekwa juu ya wote alikutana na Alexander Alekhine mjini Buenos Aires mwaka 1927. Walicheza michezo 34. Sare zilikuwa 25, Capablanca akashinda 3, Alekhine akashinda 6 na kuuchukua ubingwa. Hapakuwa na mashine wakati huo. Alekhine alikuwa ameisoma michezo ya Capablanca kabla ya safari, akatafuta mahali ambapo yule bwana mwenye mkono laini huzembea. Akauona wepesi wake wenyewe kuwa ndio mlango: mtu aliyezoea kuona njia kwa haraka huchoka kutafuta. Akamchosha kwa miezi miwili na zaidi. Ukimwuliza Alekhine juu ya mtindo wa Capablanca angekupa jibu lenye faida kuliko sehemu moja ya kumi ya askari.

Pili, kuna wachezaji ambao hupunguza makosa yao kwa kuukwepa msitu. Capablanca alipenda njia iliyo wazi: badilisha vipande, safisha uwanja, uende mwisho ukijua unakokwenda. Mtu wa namna hiyo atakosea kidogo kwa sababu mitihani yake ni michache. Wale wataalamu wa Ljubljana hawakuwa wajinga, waliliona hili, wakajaribu kupima pia ugumu wa kila hali ambayo bingwa alijikuta ndani yake. Lakini ugumu kwa nani? Kwa mashine, au kwa mtu aliyekaa saa nne kitini, saa yake ikila dakika, na mbele yake amekaa Mikhail Tal?

Tal alikuwa mtu wa Riga, bingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 23. Alitoa farasi wake sadaka, akatoa na zaidi ya farasi, bila ya kuwa na hakika kamili. Programu za leo zikiitazama michezo yake huona makosa yaliyojaa tele. Na ni kweli, ni makosa. Ila mpinzani alitakiwa kuipata dawa hapo hapo, kwa kichwa chake, kabla ya muda kwisha, na mara nyingi hakuipata. Isitoshe Tal alikuwa na jicho. Alimkazia mtu macho hata mwenzake mmoja, Pal Benko, mwaka 1959 alikuja mezani amevaa miwani ya jua ili asilione. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa habari za jicho. Kompyuta haina hesabu ya kitu kama hicho, na sioni itaipata wapi.

Tena hukumu hubadilika kwa kubadilika hakimu. Mwaka 2017 Mfaransa Jean-Marc Alliot alitumia programu yenye nguvu kuliko Crafty mara nyingi, akapima michezo maelfu kwa maelfu ya mabingwa, na safari hii aliyetoka juu ni Magnus Carlsen wa Norway. Kwa haki, mwaka 2006 Carlsen alikuwa kijana mdogo asiye na ubingwa, hakuwemo katika orodha ya kwanza. Hata hivyo nina shaka yangu. Kizazi cha Carlsen kimelelewa na kompyuta. Wamejifunza kwayo asubuhi na jioni tangu hapo Mei 1997 mashine ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov mjini New York, pointi tatu na nusu kwa mbili na nusu. Ukimpima mwanafunzi kwa kumlinganisha na mwalimu wake mwenyewe, atashinda kila aliyesoma chuo kingine. Haina maana kwamba Carlsen si hodari. Maana yake ni kuwa Steinitz hakupewa mtihani wa chuo chake.

Mpwa wangu hakunyamaza. Vijana wa siku hizi ukiwafungia mlango hupita dirishani. Akaniambia, mjomba, basi sikiliza hili: mwaka 2021 watafiti wa Toronto na Cornell na kampuni ya Microsoft walifundisha kompyuta si kupima makosa, bali kumtambua mtu. Unaipa michezo 100 ya mtu fulani ili iuzoee mkono wake. Kisha unaipa michezo mingine isiyo na jina, na katika maelfu ya wachezaji inamchomoa mwenyewe mara 98 katika 100. Wala si mabingwa tu. Ni watu wa kawaida, makarani na wanafunzi, wanaocheza usiku kujiburudisha.

Hapo nilikaa kimya kidogo, maana hilo si jambo dogo. Kumbe mtindo upo. Si ndoto za washabiki. Kila mtu ana mkono wake katika mchezo kama alivyo na mwandiko wake, na mkono huo unatambulikana hata mwenyewe akijificha.

Na habari za kujificha zimetufika hapa hapa Nairobi. Wasomaji watakumbuka kisa cha Aprili 2023, katika mashindano ya sataranji ya Kenya Open. Kijana mwanamume, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 25, aliingia katika kundi la wanawake amejifunika nikabu na miwani, akijiita kwa jina la kike. Hakusema na mtu. Akawa anawashinda wachezaji wenye nguvu, naye hakuna aliyepata kumsikia. Waamuzi walitazama viatu vyake, wakatazama ukimya wake, lakini zaidi walijiuliza: mchezaji wa nguvu hizi ametoka wapi, amecheza wapi, na nani? Kufika raundi ya nne wakamwita chemba, ukweli ukadhihirika. Alitaka zawadi ya fedha, na aliomba radhi.

Mimi kisa hicho kiliniuma kwa sababu ambayo magazeti ya nje hayakuijali. Wao walicheka tu. Vazi la stara la mama zetu na dada zetu lilifanywa kinyago. Msichana wa Lamu au wa Kisauni atakayekwenda kucheza kesho amejisitiri kama alivyozoea, atatazamwa viatu vyake. Yule kijana hakuyafikiria hayo. Lakini tukirudi kwenye maudhui yetu, tazama kilichomfichua. Hakuwa na historia. Mkono ulikuwa mkubwa na jina lilikuwa tupu, na katika mchezo unaoandikwa, mkono mkubwa usio na maandishi nyuma yake ni kioja. Kila mchezo wa sataranji wa mashindano huandikwa, hatua kwa hatua, na wachezaji wenyewe, kwenye karatasi. Ndio maana kompyuta ina cha kupima. Capablanca alifariki mwaka 1942 lakini michezo yake ipo, unaweza kuicheza tena leo usiku ukitaka.

Hapo ndipo penye jeraha letu.

Jumamosi moja mzee mwenzetu wa Siyu, akiwa amechoshwa na habari za Cuba na Norway, alimwambia mpwa wangu: nyinyi mnahangaika na hao, hamjui kwamba pwani hii ilikuwa na watu waliocheza bao ambao hata hiyo mashine yenu ingelala njaa mbele yao. Kijana akauliza kwa adabu, wala hakuwa na kejeli: "Ni kina nani, mzee, na michezo yao iko wapi niitazame?" Majina yalitajwa matano au sita. Michezo haikutajwa hata mmoja, kwa kuwa haipo.

Nilimkumbuka marehemu mmoja wa Kibokoni, ambaye simtaji jina kwa kuwa jamaa zake wapo na sikuwataka ruhusa. Nilimwona nikiwa mtoto. Wasiolijua bao niwaeleze kidogo: mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, kila mtu na safu zake mbili, kete ni 64. Mwanzo kila mchezaji huwa na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi, anazotia moja moja katika ule wakati wa kunamua. Kete za mkononi zikisha, mchezo unaingia katika mtaji. Nyumba ndiyo hazina. Watu wote huilinda na kuijaza, wakingoja siku ya kuisafirisha. Marehemu hakuwa hivyo. Aliiacha nyumba yake iliwe mapema, kama mtu aliyesahau mlango wazi. Baraza ikacheka, mpinzani akakusanya kete akajaza mashimo yake ya mbele. Baada ya zamu nne tano unamwona yule aliyeshiba hana pa kula. Anatakata tu, huku na huku, kila anapogusa anamwandalia mwenzake, na mwisho wake ametakasiwa hata mkono wake si wake tena. Marehemu hakuinua sauti. Alikuwa akisema, "Haya, bwana," basi.

Je, ile ilikuwa hesabu kamili au ilikuwa jicho la Tal? Aliona mpaka mwisho, au alimtia mwenzake msituni akijua kwamba yeye msitu ameuzoea? Nimetumia nusu ya umri wangu kuamini la kwanza. Mpwa wangu ana haki ya kushuku la pili. Hakuna awezaye kutuamua, si mimi, si yeye, si kompyuta yoyote ya Ulaya, kwa kuwa kete zile zilikusanywa, zikatiwa mfukoni, na watu wakaenda kusali. Habari yangu ni ya mtoto wa miaka tisa aliyesimama nyuma ya mabega ya watu wazima. Wenye elimu ya hadithi wanajua habari ya namna hiyo huwekwa fungu gani.

Msifikiri kwamba bao ni jepesi mno kwa mashine, au kwamba halikupata wataalamu. Mholanzi Alex de Voogt alikuja Zanzibar, akajifunza bao kwa mafundi wa huko, akachunguza jinsi wanavyohesabu na kukumbuka, na mwaka 1995 akatoa kitabu chake cha udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya mipaka ya akili ya fundi wa bao. Ilimbidi awe na namna ya kuziandika hatua, la sivyo angechunguza nini? Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, nao wa Uholanzi, wakaandika juu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao. Na si mchezo wa kuchezea: mkono mmoja ukianza kuzunguka, ukala, ukaendelea, ukala tena, unaweza kuligeuza bao zima kabla haujalala, na fundi analazimika kuliona lile bao jipya kichwani kabla hajagusa kete. Katika sataranji kipande kimoja kinahama, vingine vimekaa vinakutazama.

Basi mashine ipo, wataalamu wapo, hamu ipo. Kilichokosekana ni sisi kuandika. Na hili ni la ajabu kwa watu wa pwani, ambao walikuwa wakiandika tangu zamani. Tuliandika tenzi, tukaandika hesabu za majahazi, mirathi, barua za posa na za ugomvi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga hata shairi la bao. Shairi tunalo. Bao alilolicheza hatunalo.

Mtazameni tena as-Suli. Baghdad ya wakati wake ilikuwa na wachezaji wengi, na walipangwa kwa madaraja, wa daraja la juu wakiitwa aliyat. Wengi wao ni majina tu sasa. As-Suli aliandika vitabu, akaikosoa kazi ya al-Adli aliyemtangulia, akaacha mafumbo. Moja katika hayo aliliona gumu hata akajigamba kwamba hapana awezaye kulifumbua ila yeye na aliowafundisha. Wazungu wakaliita almasi ya as-Suli. Likakaa miaka elfu na zaidi. Katika miaka ya 1980 Mrusi Yuri Averbakh, mmoja wa wajuzi wakubwa wa miisho ya sataranji, akalifumbua. Kwa hiyo mtu aliyefariki katikati ya karne ya kumi alipata mpinzani katika karne ya ishirini, na heshima yake ikapanda. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na wino.

Nimeyasema haya barazani na nimejibiwa, na majibu hayakuwa ya kijinga. Wapo waliosema bao ni maneno kama lilivyo kete: kejeli, vikohozi, mtu wa pembeni anayetia fitina, na ukiandika hatua pekee umechukua mifupa ukaacha nyama. Ni kweli. Lakini mifupa ya Capablanca ndiyo inayotufanya tubishane naye mpaka leo, na nyama zake hakuna aliyezionja. Mwingine akasema, na huyu ndiye aliyenishughulisha, kwamba fundi hapendi mkono wake ujulikane. Akiandikwa atasomwa, akisomwa atafungwa, kama huyo Capablanca wenu alivyosomwa na Mrusi. Hoja hiyo ina uzito kwa fundi aliye hai na ana miaka ishirini ya kushindana mbele yake. Kwa wazee wa miaka sabini na themanini haina uzito hata kidogo. Wao wanahofia kufungwa na nani?

Kwa hiyo nasema kwa wenye mashindano, na hasa wanaoandaa Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambako bao hushindaniwa mbele ya umati: bingwa hupigwa picha, akapewa zawadi yake, na picha ikatoka magazetini akiwa ameshika kikombe. Mwekeni kijana mmoja mwenye daftari kando ya kila bao. Gharama yake ni daftari na chakula cha mchana. Na walimu wa skuli za pwani wenye vyama vya sataranji, ambao wanafunzi wao tayari wanajua kuandika hatua, wawapeleke barazani mara moja kwa mwezi wakaandike za wazee. Watoto hao wana ujuzi ambao baba zao hawakuwa nao, na mafundi waliobaki ni wa kuhesabiwa kwa vidole.

Sisi wa Loresho tumeanza kwa namna yetu, na kwa atakayetaka kufuata, ni rahisi. Mashimo ya safu ya mbele tunayahesabu kutoka kushoto kwa mchezaji, moja hadi nane, na ya nyuma vivyo hivyo tukitanguliza herufi N. Wakati wa kunamua tunaandika shimo lililotiwa kete na upande mkono ulikoelekea, kulia au kushoto. Wakati wa mtaji tunaandika shimo lililochotwa na upande mkono ulikoelekea. Nyumba ikisafirishwa tunapiga nyota. Anayetakata bila kula anaandikiwa T. Mzunguko wenyewe hauandikwi, kwani ukijua mkono ulianzia wapi kete zitakwambia zilikolala. Bao zima huingia katika ukurasa mmoja au miwili ya daftari la skuli. Mpwa wangu ndiye karani, na simu yake ameiweka mfukoni maana mikono miwili haimtoshi. Tulianza mwezi wa Rajabu, na mpaka sasa tuna mabao kumi na moja. Mzee wa Siyu alikataa majuma mawili, kisha akakubali kwa sharti kwamba mabao anayocheza baada ya saa nne za usiku yasihesabiwe.